Mama wa Kambale ni Nani?

Florentine anauza unga wa muhogo katika soko la Butembo. Mtoto wake wa pili wa kiume anaitwa Kambale Ariel. Ariel ni jina la ubatizo, linakumbukwa kanisani. Nyumbani ni Kambale tu, kama watoto wa pili wa kiume katika nyumba nyingi za Wanande. Simama barabarani uite "Kambale", nusu ya mtaa itageuka.

Kambale alilelewa Beni na mukaka wake, yaani nyanya yake, mama wa Zacharie, mume wa Florentine. Mukaka huyo anaitwa Kyakimwa. Aliporudisha mtoto kwa wazazi, aliacha neno moja.

"Kule hospitali dawa moja ilimukatala. Alivimba, akakosa pumzi. Tulikuwa karibu kumupoteza."

Dawa gani? Mukaka alikuwa amesahau jina. Florentine naye hakufuatilia. Mtoto alikuwa anakula, anacheza, basi neno likalala.

Halafu Kambale akashikwa na homa na kikohozi. Akipumua, mbavu zinaingia ndani. Florentine akamfunga mgongoni, akakimbia naye hospitali. Daktari akampima, akaandika sindano ya penisilini. Muuguzi Jokébed akaitayarisha.

"Mama munganga," Florentine akasema, "kuko dawa moja ilimukatala kule Beni. Mais sijue ni gani."

Jokébed akaweka sindano chini. "Pigia simu ule mwenye alikuwa naye."

Simu ya mukaka haikupatikana. Alikuwa shambani upande wa Mabalako, na huko rezo ni ya kubahatisha. Florentine akaogopa sana. Mtoto akikosa dawa, kifua kitamuua. Akipewa ile mbaya, ni hiyo itamuua.

"Mashini yetu inaongea na ile ya Beni siku hizi," Jokébed akasema. Alikuwa anaonyesha kompyuta mezani. "Mbele, kila hospitali ilikuwa inajifungia habari zake. Sasa tunaweza kuuliza. Mais mutoto ni wako, donc ninaomba ruhusa kwanza. Unakubali?"

"Na batu ba quartier bataona?" Florentine akauliza. Habari za ugonjwa pale mtaani huenda mbio kuliko pikipiki.

"Hapana. Ni banganga benye banamutunza tu. Na mashini inashika jina ya kila mutu mwenye alifungua."

Florentine akakubali. Jokébed akaandika: Kambale, wa kiume, Beni. Akina Kambale wakaja, wakajaa kioo kizima. Mmoja alikuwa na umri sawa na wa Ariel.

"Huyu, ni kinini ilimukatala," Jokébed akasoma.

Moyo wa Florentine ukatulia. Kinini ni dawa ya malaria. Basi penisilini haina neno. Alikuwa tayari kusema ndiyo, maana mbele ya munganga wengi wetu tunasema ndiyo hata kwa tusichokijua. Lakini Jokébed hakumuuliza kama huyo ndiye mtoto wake.

"Jina yako ni nani, mama?"

"Florentine."

"Huyu mama yake ni Eliane. Donc siyo mutoto wako. Jina moja haitoshe, mama. Mashini haijue sura ya mutu. Inajua tu kile tuliiambia."

Akatafuta Kambale mwenye mama Florentine. Hakutokea hata mmoja.

 Florentine akamwaza mukaka amefika hospitali na mtoto mgongoni, anaulizwa mama wa mtoto ni nani. Angejibu nini? Aliyemlisha ni yeye. Aliyemwosha ni yeye. Florentine aliona wivu, tusimfiche. Lakini jibu alilijua.

"Andika mama ni Kyakimwa," akasema.

Akatokea Kambale mmoja tu. Jokébed hakumsomea kitu. "Mutoto iko na kovu fasi gani?"

"Mguu wa kushoto. Maharagi ya moto ilimumwangikia."

"Ni yeye." Jokébed akainama karibu na kioo. "Penisilini. Alivimba, akakosa pumzi."

Florentine akakaa chini, palepale sakafuni. Jokébed akaondoa sindano, akamwita daktari, naye akachagua dawa nyingine. Kifua kikafunguka polepole. Siku mtoto alipodai uji, mama yake alilia.

Kabla hawajatoka, Jokébed akamwambia, "Kila fasi unafika, sema majina yote: Kambale Ariel. Sema siku alizaliwa. Sema mama mwenye alimuzaa. Ule mwenye anamulea naye ataandikwa, mais kwa nafasi yake. Na jina ya ile dawa ishike kwa kichwa. Courant inaweza kukatika, mashini izimike."

Wakati wa likizo Florentine akampeleka Kambale Beni. Mukaka akasikiliza habari yote. Kisha wakaenda wote hospitali ileile kusahihisha majina.

"Mama wa mutoto ni nani?" karani akauliza.

 Mukaka akamtazama mkwe wake.

"Florentine," akasema. "Miye ni mukaka yake."

Karani akauliza kama kuna mwingine wa kuandika, mwenye alimlea mtoto.

"Iko," Florentine akajibu upesi. "Andika Kyakimwa."