Gauni la Kazi

Kila asubuhi ya likizo ile, shangazi alinivua gauni langu safi akanivika jingine aliloliita gauni la kazi. Alilitunza kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, halifuliwi makusudi, na lilinuka jasho la zamani, samaki na mafuta ya taa. Likipita tu usoni, nilibana pumzi. Hadi leo nikilikumbuka natema mate.

"Vumilia," alisema. "Ukinukia sabuni, nani atakuonea huruma?"

Baba alikuwa safarini na mama amelazwa hospitali akisubiri kujifungua, kwa hiyo shangazi ndiye aliyekuja kuniangalia. Mimi sioni tangu kuzaliwa. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya bweni, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

"Shule tena?" shangazi alicheka nilipomkumbusha. "Kipofu asome awe nani? Riziki yako iko stendi."

Basi siku hiyo pia tukaenda stendi. Fimbo yangu nyeupe aliificha chini ya kitanda, eti nikitembea mwenyewe watu hawatoi kitu. Akaniamuru nisifungue mdomo.

Jua niliweza kulivumilia. Watu je? Sarafu walizidondosha kutoka juu wasije wakanigusa mkono. Bibi mmoja alisema, "Ee Mungu, asante kwa macho yangu," kama vile amekwepa shimo la choo. Mwingine akamuuliza shangazi, "Huyu anakula mwenyewe?"

"Namlisha, dada yangu," shangazi akajibu kwa sauti ya kilio. Mwongo mkubwa! Asubuhi ile ile nilikuwa nimempikia chai yeye.

Uvumilivu ukanishinda. Ndani ya gauni nilikuwa nimeficha kitabu changu cha sayansi cha nukta nundu. Nikakifungua magotini, nikapitisha vidole kwenye vile vinundu, nikasoma kwa sauti kama niko mbele ya darasa: "Tegu ni mnyoo bapa. Huishi katika utumbo wa binadamu na hunyonya chakula chake..."

Mtu aliyekuwa akila karibu yangu akaacha kutafuna.

"Ala! Anasoma!"

"Kwa vidole?"

"Sasa anaomba nini hapa?"

"Shule inafunguliwa Jumatatu," nikasema, "na shangazi hataki nirudi."

Minong'ono ikawa zogo. Shangazi akanishika mkono, tukaondoka mbiombio. "Umeniaibisha!" alifoka njia nzima.

Nyumbani nilisikia kichanga kinalia. Mama alikuwa amerudi! Alinikumbatia, mara akanisogeza nyuma.

"Mwanangu, unanuka nini? Nani kakuvika uchafu huu?"

Nikamwambia yote.

"Wifi, nilikuwa namtafutia riziki tu," shangazi akaanza.

"Komea hapo, wifi! Mtu aliyekwama akiomba, simcheki. Lakini wewe umemvua mtoto heshima yake ukamvika uvundo, ili uwauzie watu huruma. Asichoweza ni kuona tu. Kichwa chake kizima, mikono yake mizima. Akisoma atajilisha mwenyewe, na wewe ukizeeka huenda akakulisha." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, watu wakiuliza habari zako, uwajibu mwenyewe."

Gauni la kazi liligeuzwa tambara la kudekia choo, na shangazi ndiye aliyedeki. Jumatatu niliondoka kwenda shule, fimbo mkononi, nanukia sabuni.