Sauti ya Bi Time

Soko la Chake Chake lilifurika asubuhi ile ya mavuno ya karafuu, mwaka wa hamsini na tisa, na Othman Nassor alisimama katikati yake amekumbatia sanduku la chuma la mashine ya kunasia sauti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Suruali yake ya kaki ilipigwa pasi ikasimama, na kofia ya kiua ilimkaa sawasawa. Alikuwa karani kutoka Unguja. Idara yake ilimtuma kunasa ngano za mashamba kabla wenye kuzijua hawajamalizika. Sasa alitafuta gari ya Shumba, na kila aliyemwuliza alimjibu kwa Kipemba cha mbio, naye akabaki kutoa macho.

"Kwani weye ntu wa wapi?" muuza ndizi alimaka.

Mtu alicheka nyuma yake. Othman aligeuka, akamwona msichana aliyevaa buibui, uso wazi, upindo wa kanga ya manjano ukichungulia chini, na vidole vimeingia wino mwekundu wa kusahihishia madaftari.

"Anakwambia gari imeshaondoka, Bwana. Mara ya tatu hii."

"Sikumwelewa."

"Nami nimekusikia ukimwambia umekuja kuandika ngano zetu. Utaziandika vipi, na gari tu imekushinda?"

Othman naye akacheka. Alipouliza, aliambiwa ni Mwanawema binti Silima, mwalimu wa shule ya wasichana, na kwamba anakaa Tibirinzi kwa ami yake, Mzee Ngwali. Bibi yake, Bi Time, yuko Shumba, na kwa ngano hana mshindani.

Ijumaa ile Mzee Ngwali aliwapeleka wote wawili Shumba. Bi Time aliikagua ile mashine, gurudumu kwa gurudumu.

"Hichi chako chasikia?"

"Kinasikia, Bibi. Na watu wa mbali watakusikia."

"Basi waambie ni Time binti Ame wa Shumba. Maneno yasiyo mwenyewe ni kama mzigo ulookotwa njiani."

"Nitawaambia, Bibi. Nakuahidi."

Akasimulia kisa cha mama aliyewaficha wanawe saba mtungini zimwi lilipokuja, kisha akawaita mmoja mmoja watoke, jina la wa saba likampotea. Katikati Bi Time alikohoa, akacheka kikohozi chake mwenyewe, akaendelea.

Miezi minne Othman alikwenda Tibirinzi kila alasiri. Walikaa ukumbini, mlango wazi, Mzee Ngwali akisoma gazeti pembeni, mashine ikizunguka baina yao. Mwanawema alifafanua, Othman aliandika.

"Bibi kasema *nke*," Mwanawema alimwambia siku moja, akichungulia karatasi. "Mbona umeandika *mke*?"

"Si neno lilelile, mwalimu wangu?"

"Hata! *Nke* wa Bibi yuko pekupeku, ana tope mpaka magotini. Huyo *mke* wako amevaa viatu."

Mzee Ngwali alikohoa nyuma ya gazeti. Othman alimtazama Mwanawema, harufu ya asumini ikimjia kutoka kwenye ushungi wake, akajua kwamba roho yake haitarudi Unguja pamoja naye.

Alirudi na mashine na maneno. Akawa anapiga simu shuleni, na Bi Mkubwa wa shule ndiye anayepokea.

"Ni habari ya tafsiri, Bi Mkubwa."

"Tafsiri hii imepiga simu mara tatu wiki hii," alisema yule mama, akampa Mwanawema simu.

"Neno gani limekushinda leo?" Mwanawema aliuliza, kicheko amekibana.

"Neno *nimekukumbuka*. Kipemba mnasemaje?"

"Hatusemi. Twaja."

Othman alikusudia kwenda. Lakini kitabu kilikuwa kiwandani kikipigwa chapa, na mkuu wake alikwisha kumwambia kwamba jaladani patakaa jina moja tu, la karani wa idara. Othman hakumbishia, akarudi mezani kwake. Barua ya Mwanawema ikaja, kisha nyingine, naye hakujibu. Aliona haya, na kila siku iliyopita iliiongeza haya ile.

Kitabu kilifika shuleni mwaka wa sitini na moja. Mwanawema alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma. *Kimekusanywa na kufasiriwa na Othman Nassor.* Bibi hayumo. Yeye mwenyewe hayumo. Na kila *nke* alikuwa amevishwa viatu. Hakumwandikia tena.

Mvua za masika zilipokuwa zikipiga, Bi Time alifariki. Habari zilimfikia Othman siku ya arubaini. Hapo ndipo alipopata miguu. Alipanda meli, akafika Tibirinzi na barua ya posa mfukoni.

Alimkuta Mwanawema amekonda, kajitanda kaniki. Mzee Ngwali aliisoma barua, akawaachia ukumbi, mlango wazi kama zamani.

"Jina la Bibi," Othman alianza, "lilikuwa juu yangu. Sikulipigania."

"Nilidhani ulikuja kwangu kwa ajili ya ngano tu."

"Ngano zilinileta. Kilichonirudisha ni wewe."

Macho ya Mwanawema yalikuwa na maji, lakini kwa mara ya kwanza midomo ilikuwa karibu na tabasamu.

"Basi nisikilize mahari yangu, Othman. Sitaki dhahabu, sitaki nguo. Kuna ile tepu ya Bibi. Niletee hapa siku moja tu, wanawe wamsikie. Mie nimeanza kuisahau sauti yake."



"Haipo, Mwanawema."

"Haipo vipi?"

"Tepu zilikuwa chache. Wakati wa uchaguzi walitaka kunasa hotuba. Mkuu aliniuliza, hizi za Pemba umekwisha kuziandika? Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema hata neno, niliitikia kwa kichwa tu. Wakanasa hotuba juu ya sauti yake."

"Yote?"

"Yote."

"Hata pale alipokohoa akacheka?"

"Hata pale."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, akatoa salamu, na hakuna aliyeitikia.

"Ungeniambia imezama baharini," Mwanawema alisema polepole, "ningekuamini. Ningekupa mkono wangu leo hii."

"Najua."

"Kwa nini basi hukusema hivyo?"

"Nimekwisha kubadilisha maneno ya kutosha ya nyumba hii."

Akalia hapo, bila sauti, upindo wa kaniki mdomoni. Othman hakuwa na haki ya kumgusa. Alipotulia, Mwanawema alisema, "Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe. Lakini kila utakaponiita, nitakuwa nikimsikiliza Bibi nisimsikie. Hivyo si vya kuingilia ndoani."

Asubuhi Mzee Ngwali aliirudisha barua kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayerudisha maiti kwao. Mwaka uliofuata Mwanawema aliolewa na Hamad, mwalimu wa Gombani, mtu mwema.

Othman alihangaika miaka miwili mpaka kitabu kikapigwa chapa tena, majina mawili ya wanawake juu ya lake. Alipeleka nakala shuleni. Hakujibiwa. Ila mwalimu mmoja aliyehamia Unguja alimhadithia jambo bila kujua anamhadithia nani: kwamba kule Chake yuko mwalimu mmoja, kila ikifika ngano ya mtungi, huwaambia watoto wafunge vitabu, kisha huisimulia kwa mdomo, kwa Kipemba kitupu.

Othman alitamani kupanda meli ya kesho yake akasikilize. Lakini Mwanawema alikuwa mke wa mtu, naye hakuwa tena na mlango wa kupigia hodi Pemba.