Mkono Uliovushwa Mtoni

Shida yote ilianza na kamba iliyokataa kulegea.

Wageni walikuwa wameshavuka. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amekaa juu ya jiwe anakamua soksi zake, na mpwa wake yuko pembeni anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Mpishi naye alishavuka, sufuria kichwani, anautukana mto kama mtu aliyemkanyaga mguu. Ng'ambo kule hakukuonekana mtu wala mti, ni ukungu tupu umeshuka kutoka mlimani, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Lakini kamba ya kuvukia ilikuwa imekaza, inatikisika, kama kuna mtu bado ameishika anakuja.

Kiongozi wa msafara hakushtuka. Watu walimwita Nanga, kwa jinsi alivyokuwa akijikita ukingoni na kuvusha wageni wa kwenda kutazama volkano, akawarudisha wazima kwa wenzao. Alikuwa na desturi yake. Mtu akikaribia, Nanga hamtazami usoni. Macho yake yako kwenye fundo la kamba, maana likifyatuka hilo ndiyo basi tena. Ananyoosha tu mkono wa kulia na kusema, "Njoo, nimekushika." Na anayekuja mwisho siku zote ni binti yake, aliyekuwa anajifunza kazi hiyohiyo. Kwa kuongea kwake bila kituo walimpa jina la Redio.

Basi Nanga akanyoosha mkono. "Njoo, nimekushika."

Mkono ukamshika. Wa baridi, wenye utelezi, kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Akavuta.

"Baba, unaongea na nani?"

Sauti ilitoka mgongoni kwake. Redio alikuwa kando ya daktari, amembebea begi. Nanga akageuka kuutazama mto. Kamba ilikuwa imelegea, inaning'inia juu ya maji.

"Wewe si ndiye wa mwisho?"

"Leo nilipita na daktari, alikuwa anaogopa. Si ulinipokea mwenyewe? Uzee huo, baba. Tutakutafutia fimbo."

Wageni wakacheka. Nanga hakucheka. Kiganja chake kilikuwa bado kimebanwa.

Wakapanda. Kule juu ardhi ni majivu makavu, ukikaa unasikia joto chini yako kama umekalia jiko lililofunikwa, na hewa inanuka kiberiti. Lakini kila alipopita Nanga palinuka tope, lile tope jeusi la chini kabisa ya mto ambalo jua halijawahi kuliona.

"Shemeji, hebu toka jikoni kwangu," Mpishi alimwambia walipopiga kambi. Alikuwa mdogo wa mke wa Nanga, na ulimi wake haukuchagua wa kumchoma. "Umekanyaga nini huko? Moto wangu unazimika."

"Sijakanyaga kitu."

Mpishi akatazama chini, mwiko ukamwanguka. Sambamba na alama za buti za Nanga kulikuwa na nyayo nyingine, za miguu mitupu, ndogo, zimelowana kwenye yale majivu makavu. Zilikuwa zimefuatana naye hadi pale alipokuwa amesimama Redio. Hapo zikamwacha. Zikaingia ndani ya alama za buti za yule msichana, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Jua lilipokuwa linashuka, Redio akaanza kukauka sauti. Alikuwa katikati ya kumcheka mpwa wa daktari, akakohoa, akatema maji. Maji meupe, safi, na hakuwa amekunywa hata chai. Daktari akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza muda mrefu.

"Kifua hiki ni cha mtu aliyezama," alinong'ona. "Jana alizama?"

"Hajazama tangu azaliwe," Nanga akasema.

Ndipo wakasikia kicheko. Kilitoka nyuma ya mawe, kwenye mdomo wa volkano, kicheko cha Redio kabisa, na Redio mwenyewe amelala mbele yao, midomo imefumba, macho yamemtoka.

"Baba," sauti ile ikaita kwa upole, "njoo, nimekushika."

Mpishi akamvuta Nanga pembeni. Alinong'ona karibu sana na sikio lake.

"Pale mtoni, ulipovuta, ulimdhania nani?"

"Mwanangu."

"Basi umempa nafasi ya mwanao. Sauti kashaichukua. Pumzi nayo ikihamia huko, tutarudisha nyumbani mtoto anayetembea, anayecheka, na siye. Dada yangu atampikia na siye."

"Nifanye nini, shemeji?"

"Mama yetu alitibu watu wa namna hii. Jini uliyemkaribisha kwa mdomo wako humtoi kwa moshi wala fimbo. Unamtoa kwa mdomo huohuo, palepale mtoni alipoingilia. Mpokee mwanao upya, na safari hii umjue. Yule mwingine mwambie umemwachia."

"Na nikikosea?"

Mpishi akafunika sufuria tupu. "Usikosee."

Asubuhi wakamteremsha Redio, amemwegemea Mpishi, anapumua kama anayenyonya hewa kwa mrija. Nanga akavuka kwanza, akafunga fundo, akasimama. Wengine wakabaki ng'ambo. Alisikia Mpishi akisema, "Haya mama, kamata, nenda," na kamba ikakaza, ikatikisika, kisha ikalemewa zaidi, zaidi ya uzito wa mtu mmoja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Nanga akaliacha lile fundo akainua macho, akaona kwenye ukungu vichwa viwili vinakuja, nywele zilezile zimeganda usoni, koti lilelile, kovu lilelile la kidevuni alilolipata alipoanguka na baiskeli ya babake, na mikono miwili ya kulia ikanyooshwa kwake kwa wakati mmoja, na kabla hajafungua mdomo ule ubaridi ukakijaza kiganja chake cha kulia, na sauti nzuri, safi, sauti aliyoililia tangu jana, ikasema, "Baba, nishike, naogopa."

Kutoka kwa yule mwingine kukaja kitu kama msumeno kwenye bati.

"Vuta basi… mzee… umeduwaa kama mlingoti… bega linaniuma."

Redio, tangu akiwa mtoto, hajawahi kukiri mbele ya baba yake kwamba anaogopa.

Nanga akaupeleka mkono wa kushoto kwa ile sauti mbovu, akaukuta wa moto, una sugu, akaubana. Kisha akafungua vidole vya kulia, kimoja kimoja.

"Wewe nimekuachia," akasema.

Uso ule ulimtazama bila hasira. Ukazama taratibu, na maji hayakutoa sauti yoyote.

Redio alipona. Sauti ilirudi na nyongeza, jirani wakaanza kulalamika tena. Nanga akaacha kazi, kamba akamwachia binti. Siku ya safari yake ya kwanza akiwa kiongozi, Redio alisimama mlangoni na mzigo mgongoni, akamnyooshea baba yake mkono. Nanga akampa wa kushoto.

"Na huo mwingine umeuficha wa nini? Umekamata noti?"

"Nenda, wageni wanasubiri."

Mama yake Redio akatikisa kichwa. "Baba yako siku hizi ananawa hajifuti. Mashuka yangu yameoza upande mmoja."

Redio akaondoka anacheka. Nanga alitamani kumwambia lile neno lake la mtoni, la kumtia moyo, akaufumba mdomo. Kule ukingoni alikuwa amefungua vidole vyote, na Redio alishuhudia. Yeye aliachia.

Ndani ya mfuko wa suruali, kwenye maji yasiyokauka, vidole vidogo vikambana kiganja, kwa upole, kama mtoto anayepelekwa matembezini.