Odowa ya Mama Brendah

Kila asubuhi akienda shuleni hapa Malaba, Akwii alipitia kibanda cha Mama Brendah kununua odowa, yale mawe laini ya kijivu ambayo watu hutafuna. Tabia hiyo aliianza kabla hajaota meno yote. Mamake, Benedetta, alikuwa akimmegea kipande ili aache kulia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku bila odowa ilikuwa siku ya kununa.

Jumamosi moja mbuzi wao alikata kamba. Akwii alimfuata hadi kwenye mtaro ulio nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva hukwama hapo siku nyingi, na choo hakuna. Chupa za mkojo zilitapakaa kila mahali, na uvundo ulimfanya azibe pua. Katikati ya uchafu huo Mama Brendah alikuwa ameinama, akichimba ukingo kwa jembe na kujaza gunia.

"Mama Brendah! Odowa unatoa hapa?"

Mama huyo hakuona haya hata kidogo. Alicheka. "Si naichoma kwa moto? Umekula tangu ukiwa mdogo, umekufa? Enda! Na ukisema, nitawaambia ni wewe hunichimbia."

Akwii alitapika njia nzima. Lakini kilichomuuma zaidi ni kile kicheko. Aliapa kwamba mama yule atakiona cha mtema kuni.

Jumapili, baada ya kanisa, alitwanga pilipili kichaa, akailoweka na kuitia maji yake kwenye chupa. Alipokuwa akitwanga aliwaza wateja wakiruka na kutema, wakimrushia Mama Brendah mawe yake mwenyewe. Ukweli usemwe, mawazo hayo yalikuwa matamu, wala mimi simlaumu sana.

Jumatatu asubuhi, Mama Brendah alipoingia posho mill ya jirani, kinu cha kusaga mahindi, kuchota maji, Akwii aliinyunyizia beseni yote ya odowa. Kisha akajificha nyuma ya magunia ya makaa, akitabasamu.

Mteja wa kwanza alikuwa Benedetta, mamake mzazi, mjamzito wa miezi saba. Wiki iliyopita nesi alimwonya kwamba damu yake imepungua kwa sababu ya odowa, naye akaapa kwamba ameiacha.

"Nipatie hiyo kubwa," alinong'ona. "Haraka, kabla watu hawajaniona."

Akwii alishtuka. Akinyamaza, kisasi kingetimia, lakini kingetimia mdomoni mwa mamake. Alichomoka mbio na kulipiga lile jiwe likaanguka.

"Mama, usile! Nimeweka pilipili! Na anachimba kule kwa mtaro wa malori, kwa choo!"

"Mwongo!" Mama Brendah alipaza sauti. "Ni yeye mwenyewe hunichimbia huko!"

Wanawake waliokuwa na mahindi yao mlangoni pa posho mill walisogea karibu.

"Huko wapi?" Benedetta aliuliza polepole.

Mama Brendah aligundua amejisaliti, akaanza kuifunika beseni. Mwanamke mmoja alitema mate. Mwingine aliimwaga beseni yote barabarani. Mama Brendah alikusanya magunia yake kwa aibu huku akizomewa, na Akwii akamcheka usoni vile vile alivyochekwa mtaroni.

Benedetta alimshika sikio.

"Usicheke sana. Tangu Jumamosi ulijua, na watu wakaendelea kula wewe ukitwanga pilipili. Ukiona kitu kinaumiza watu, sema hiyo siku. Kisasi chako kidogo tu kinichome mimi."

"Nisamehe, Mama. Lakini wewe uliambia nesi umeacha."

Benedetta aliliachilia sikio. "Hata mimi nimekosa. Twende kliniki, sote wawili."

Walipewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Hamu iliwatesa. Ilipowazidi walitafuna njugu karanga, wakikumbushana zile chupa za mtaroni mpaka hamu ikate.

Mtoto alizaliwa salama, wakamwita Omoding. Alipoanza kuota meno alilia kutwa. Jirani mmoja alikuja na kipande cha odowa mkononi.

"Mmegee kidogo, Mama Akwii, anyamaze."

Akwii alimtazama mamake. Benedetta alikichukua kile kipande, akakitupa nje.

"Mwache alie," alisema. "Huyu dada yake nilimnyamazisha hivyo, na kumwachisha kumetutoa machozi sisi wawili."