Mkanda wa Pini na Mshale wa Dira

Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi natoa mashine barazani. Naifuta vumbi, natia mafuta, nakaa. Baraza yenyewe ni nyembamba. Mvua ikianza, nakimbiza kwanza nguo za watu ndani, halafu ndiyo narudi kuikumbatia mashine.

Mkono wa kushoto navaa mkanda wa kitambaa. Ndani yake mna kipande cha sumaku, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mke wangu alikitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akakishonea humo. Pini ikianguka, sihangaiki kupapasa sakafu. Napitisha mkono tu, pini inaruka yenyewe na kunasa.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alifariki akingoja gari la wagonjwa. Wenye dhamana walituambia liko njiani. Sina zaidi la kusema juu ya hilo. Tangu tulipomzika, mkanda huo nilikuwa siuvui ila nikienda kuoga.

Yeye ndiye aliyetaka tuwe na chumba cha kushonea, ubavuni mwa nyumba, upande wa barabara. Mimi na binti yangu tulikusanya matofali kidogo kidogo mpaka yakatosha. Fundi mwashi akasema Jumatatu anakuja kuchimba msingi. Hapo ndipo ukazuka ugomvi wa kigingi.

Karatasi ya kiwanja chetu ina miaka arobaini. Inasema mpaka wa upande wa barabara unaanzia kwenye kigingi cha kona, na unakwenda mita ishirini kaskazini, kwa kipimo cha dira. Kigingi cha kona kipo. Cha mwisho kilipotea zamani. Mwaka jana watu wa ofisi ya ardhi walikuja, wakapima, wakapiga kigingi kipya, wakaondoka. Hata salamu hawakutoa. Mimi watu wa namna hiyo siwaamini. Nikaazima dira kwa mwalimu wa skauti, nipime mwenyewe.

Nilisimama penye kigingi cha kona, dira kwenye kiganja cha kulia. Jua lilikuwa kali na kioo kiling'aa, kwa hiyo nikakikinga kwa mkono wa kushoto. Nikatazama mshale unakoelekea, nikavuta kamba mita ishirini. Kamba ikaishia hatua nne nje ya kigingi chao, karibu na barabara. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara tatu, jibu lilelile. Nikajua nimeibiwa hatua nne za ardhi mchana kweupe.

Binti yangu alikuwa ananitazama tangu mwanzo.

"Baba, na kama dira ndiyo mbovu?"

"Dira hailipwi mshahara na serikali," nikamwambia. "Iseme uongo ili ipate nini?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanikumbusha kwamba jengo likivuka mpaka, wanakuja na rangi nyekundu, wanalichora alama, halafu wanalibomoa. Matofali hayo ndiyo tuliyonayo, mengine hatuna. Nikamjibu waje tu, watanikuta. Jumatatu msingi utachimbwa kwenye mstari wangu.

Jumamosi akaja Mama Futi kuchukua gauni lake. Mtaani tunamwita hivyo kwa sababu alivuta futi kamba ya wapima ardhi kwa miaka thelathini, porini na mjini. Alipozeeka ofisi ilimwachisha kazi bila hata kikombe cha chai. Kwa hiyo nilipomsimulia habari ya kigingi, nilitegemea atawalaani pamoja nami.

Hakuwalaani. Aliomba aione dira.

Tukaenda kwenye kona. Aliishika dira mbele ya kifua, akatulia, akavuta kamba. Kamba yake ikaishia karibu kabisa na kigingi cha ofisi. Nikamuuliza kama ametumwa.

"Fundi, mimi wamenitupa kama kitambaa cha kufutia mafuta," akasema. "Nitumwe na nani? Hebu pima wewe, nione."

Nikaishika dira. Nikainua mkono wa kushoto kukinga jua. Mama Futi akaniambia nisitikisike. Kisha akaniomba niushushe mkono ule polepole. Nikaushusha, na mshale ukageuka. Nikauinua, mshale ukarudi kuufuata mkono wangu, kama mbwa anayemjua bwana wake.

"Una nini mkononi?" akaniuliza.

Mama Futi alimjua marehemu mke wangu, na mkanda ule anaujua. Alitaka niseme mwenyewe, nikasema mna sumaku.

Hakuniambia niuvue. Alisema twende barazani, nimpe beseni la maji na sindano moja ya mkono. Akanielekeza niisugue sindano kwenye mkanda wangu. "Upande mmoja tu, si kama unavyopiga pasi. Usirudishe nyuma." Nilisugua mara thelathini. Kisha tukailaza juu ya kipande cha karatasi, tukakiweka kielee katikati ya beseni.

Karatasi ikaanza kuzunguka yenyewe, bila upepo, bila mtu kuigusa. Ikatulia. Nikaigeuza kwa kidole, ikarudi palepale. Ncha moja kaskazini, ncha nyingine kusini. Binti yangu akaacha kufua, akaja kuinama juu ya beseni na povu mikononi. Miaka thelathini nashika sindano, na siku hiyo ndipo nilipoona mojawapo ikifanya jambo ambalo sikuliagiza mimi.

Nikauliza nani anaivuta.

"Dunia," akasema Mama Futi. "Dunia yenyewe ni sumaku. Chini kabisa, ndani mno, kuna chuma kilichoyeyuka kwa joto. Kinatembea, hakitulii. Mwendo wake ndio unaoleta nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo imeizunguka dunia nzima. Wataalamu wanaiita uga wa sumaku. Hapa tulipokaa upo, hatuusikii tu. Sindano inausikia."

Binti yangu akauliza swali ambalo mimi niliona haya kuuliza. Kama sumaku ya dunia ni kubwa hivyo, imeshindwaje na kipande cha ukubwa wa ukucha?

"Chuma cha dunia kiko mbali, chini sana," akajibu. "Nguvu yake ikifika hapa juu ni dhaifu. Ya baba yako ni ndogo, lakini iko karibu. Mshale unasikia sana cha karibu."

Akaniambia ninyooshe mkono juu ya beseni. Nilipousogeza, sindano ikaacha kaskazini na kunigeukia. Nilipouondoa, ikarudi kwa dunia. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyenikataza.

Kisha nikauvua mkanda. Nikampa binti yangu aushike, akae nao mlangoni. Nikarudi kwenye kona na kupima upya. Mama Futi akanionya pia nisisimame karibu na lundo la mabati wala nondo, na simu niiache ndani, maana ndani ya simu mna sumaku na vyuma. Nikapima. Kamba ikaishia nusu hatua tu kutoka kigingi cha ofisi.

"Nusu hatua hiyo," nikasema, "ndiyo waliyoiba."

Mama Futi akacheka mpaka akakalia matofali. Alisema nikikosa mtu wa kumlaumu nitaumwa. Halafu akaeleza. Kile chuma cha chini kinachotembea, kikibadilisha mwendo, mshale nao unabadilisha uelekeo. Ni kidogo sana kwa mwaka. Lakini karatasi yangu ina miaka arobaini. Mshale wa siku zile ulielekea pembeni kidogo ya unapoelekea leo. Wapima ardhi wana hesabu za kurekebisha tofauti hiyo. Yeye alizisikia zikisomwa kila msimu wa kazi, mpaka akazishika kichwani. Alipozipiga hapo, zikatoa nusu hatua ileile.

Kwa hiyo kigingi kilikuwa mahali pake. Mwizi hakuwapo. Ilikuwa sumaku ya mke wangu kwanza, na dunia baadaye.

Nilimtazama mama yule. Hana cheti. Hana kiinua mgongo. Ofisi nzima ilikuwa imepita hapa bila kufungua mdomo, na yeye kwa beseni la kufulia amenionyesha tumbo la dunia. Gauni lake nilimpa bila kupokea kitu. Alinipinga, nikamwambia asinivunjie heshima.

Jumatatu mwashi alikuja. Tulivuta kamba kutoka kona hadi kwenye kigingi cha ofisi, tukarudi ndani kidogo, msingi ukachimbwa. Chumba kikasimama. Kina dirisha kubwa, kama alivyotaka mke wangu.

Miezi minne baadaye greda lilikuja kuchimba mtaro wa barabara, bila taarifa, kama kawaida yao. Nilisimama mlangoni na sindano mdomoni. Jembe lake la chuma likapita likikwangua, pana kama kitanda. Lilipita mkono mmoja kutoka kwenye ukuta wangu, likaendelea na safari. Kwenye mstari ule niliovuta mimi mara tatu, palikuwa na shimo.

Bado nina neno na ofisi. Nilikwenda kuwauliza kwa nini walipiga kigingi bila kumweleza mtu. Kijana wa mezani akasema wananchi hawawezi kuelewa mambo ya uga wa sumaku. Nilirudi siku ya pili na beseni, sindano na mkanda wangu. Niliviweka juu ya faili zake. Watu waliokuwa kwenye foleni waliacha foleni, wakazunguka meza. Walielewa wote, hata mzee mmoja asiyejua kusoma. Walipouliza nilikojifunza, niliwaelekeza nyumbani kwa Mama Futi.

Chumbani kwangu, karibu na dirisha, nimepigilia msumari. Nikienda kupima kwa dira, mkanda unangoja pale, na mimi nikirudi nauvaa tena.