Daftari la Wakazi wa Carama

Dative alikutwa amekufa katika shamba la mahindi, pembeni mwa mtaa wa Carama, Jumanne tarehe 11 Machi 1997, saa moja asubuhi. Kitenge chake mwenyewe kilikuwa kimekazwa shingoni. Jumatatu nzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuhesabu wakazi, maana vita ilishapunguza watu mtaani na komine, ofisi ya serikali ya eneo hilo, ilitaka kujua wamebaki wangapi.

Ilyasi, fundi magari, alimfokea mlangoni kwake siku hiyo. Hilo lilitosha kumtia ndani. Ijumaa saa tisa angekabidhiwa kwa wanajeshi kambini, na Carama nzima ilijua kambi ile hairudishi mtu.

Ijumaa hiyo, saa nne, mpelelezi Térence alifika kwa Adija, mke wa Ilyasi, na daftari la Dative mkononi. Sylvère, chefu wa mtaa, alikuwa amelileta asubuhi, akidai marehemu alimwachia Jumatatu mchana.

“Bwana yako alimufokea juu ya nini?”

“Alitaka kuingia mu chumba. Mutoto alikuwa na siku ine, hata jina hana.”

“Alipata jina lini?”

“Jana, kwa karamu ya akika. Babake iko kwenu, nikachagua mi peke yangu. Saliha. Hata yeye hajalisikia.”

“Nani walikuja?”

“Majirani. Na chefu. Alikula vizuri.”

Térence akafungua daftari. Nyumba ya Ilyasi: Ilyasi, Adija, Saliha.

Saa sita alikuwa mbele ya Sylvère.

“Chefu, hili umeliandika jana jioni. Unajua watu wako wote kwa majina, hata mtoto hukumwacha. Lakini Dative alikutwa amekufa siku mbili kabla ya jina hili. Daftari lake liko wapi?”



“Nilichoma. Aliandika watu makumi tatu na moja wamekosekana tangu Desemba. Mi niliambia komine watatu.”

“Na waliowaua hao, nani aliwaonyesha nyumba zao?”

“Walisema nikikataa, wataanza na yangu. Dative angepeleka hesabu, komine ingeniuliza. Nikamuwahi shambani.”

Térence alitamani kumpiga. Akamfunga pingu, akakimbilia kambini. Askari wa getini alipitisha kidole kwenye orodha.

“Ilyasi? Wenzako walimuleta mapema, saa ine. Huyo kazi yake imeisha.”

Alirudi Carama saa nane. Aliona aibu kuketi, akasimama mlangoni kwa Adija na daftari lile la wakazi. Adija alimtazama usoni muda mrefu, mtoto kifuani.

“Andika wawili,” alisema. “Mi na Saliha.”