Maiti wa Sura ya Kwanza

Kiti kimoja kilikuwa kimelowa chepechepe, na maktaba ya mji wa Duluth haivuji.

Verlin Amdahl alikikwepa, akakaa pembeni. Ilikuwa zamu yake: kikundi cha waandishi kingeijadili riwaya yake ya mauaji. Sheria yao moja: mwenye kazi hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Miaka kumi na tisa mtu huyu amekula peke yake, na alichotaka ni jina lake juu ya kitabu. Basi.

"Mzee, inatisha!" alisema Stu, mmoja wao. "Yule msichana ziwani, na vile viatu vyekundu!"

"Mbona hana jina?" Corliss, kiongozi wao, alidakia. "Kurasa mia tatu polisi analia, analewa, anapendwa. Marehemu je? Fenicha?"

Hapo ikaja harufu ya maji ya ziwa na sabuni ya kufulia. Verlin aliijua. Kile kiti hakikuwa kitupu tena.

"Na mimi nina maoni," alisema mwanamke wa viatu vyekundu, nywele zikitiririka maji. Wenzake Verlin hawakuinua macho. "Huyu ananijua. Kila Jumanne tulifua nguo kwenye duka la mashine za kufulia, mashine zetu jirani, akanitamani hata salamu ikamshinda, na polisi walipobandika mchoro wa sura yangu mlangoni mwa maktaba hii wakiuliza nani ananifahamu, alisimama akautazama, akaenda zake kuandika, maana maiti asiye na jina ndiye anayeuza vitabu, na mama yangu mpaka leo ananiwekea sahani mezani."

Akamwinamia.

"Jina langu ulilisoma limeandikwa kwenye mfuko wangu wa kubebea nguo. Litaje, niondoke."

Neno moja tu! Verlin aliutazama mswada wake, miaka sita ya jasho. Akilitaja, watauliza alilijuaje. Mwenye kazi hasemi, alijiambia. Akaubana mdomo.

"Haya," akanong'ona yule mwanamke. "Lako nalichukua."

Kiti kikabaki kitupu.

"Tumemaliza," Corliss alisema. "Mwandishi, jibu." Akageuka, akakunja uso. "Samahani, bwana. Wewe ni nani?"

Verlin alifungua kinywa. Jina halikuwemo. Juu ya mswada, mahali pa jina lake, palikuwa na lile la kwenye mfuko wa nguo, wino bado mbichi: Aili Ranta.

Alikimbia hadi mlangoni. Mchoro wa polisi ulikuwepo palepale, na uso uliochorwa sasa ulikuwa wake yeye mwenyewe. Chini yake: *Hajatambuliwa. Anayemjua atoe taarifa.*

Watu walipita, wakautazama, wakaenda zao.